Jina la Mdogo Wake Safia

Kila asubuhi ya likizo ile Safia alianza na maji. Alichukua ndoo zake mbili ndogo, akapita nyuma ya nyumba ya kina Aziza, akateremka mpaka kisimani. Nyumba ya kina Aziza ilikuwa kimya. Aziza, rafiki yake wa darasa la sita, alikuwa amepelekwa kijiji cha Bweni kwa shangazi yake mpaka shule zifunguliwe, kwa hiyo Safia hakuwa na wa kuzungumza naye njiani. Aliteka maji, akarudi, akayamimina mtungini, akafagia ua. Kisha ikaanza kazi iliyomchosha kuliko zote. Kazi hiyo ilikuwa kubeba maneno.

“Mwambie baba yako unga umekwisha,” mama yake, Bi Warda, alisema kutoka uani. Alikuwa ameketi juu ya mkeka akisuka ukili wa mkeka mpya, na mtoto mchanga amelala kando yake.

Safia alipita ndani ya nyumba, akatokea mbele, ambako baba yake, Bwana Abubakari, alikuwa akifua nazi.

“Baba, mama anasema unga umekwisha.”

“Mwambie nitaleta.”

Safia akarudi uani. “Baba anasema ataleta.”

Kutoka uani hadi mbele ya nyumba hazifiki hata hatua ishirini. Mtu akikohoa upande mmoja, wa upande wa pili anasikia. Lakini ilikuwa wiki ya tano sasa wazazi wa Safia hawasemeshani.

Ugomvi wenyewe ulihusu jina. Mtoto alipozaliwa, baba alitaka aitwe Mwanasiti, jina la mama yake aliyefariki mwaka uliopita. Mama akakataa. Alisema hilo ni jina la mtu mzima, na mtoto ataonekana bibi kabla hajaota meno. Yeye alitaka Naila. Jina hilo alilisikia hospitalini Kilindoni, mzazi wa kitanda cha pili akimwita mwanawe, likampendeza mno. Baba akasema Naila ni jina la kwenye simu, hakuna mzee hapa kijijini Kanga anayelijua. Siku ya saba ikafika, siku ya kumpa mtoto jina na kumfanyia akika, na hawakuwa wamepatana. Akika ikaahirishwa. Tangu siku ile, kila mmoja akawa anazungumza na mwenzake kupitia kwa Safia.

Jioni baba alikula barazani, mama akala uani. Safia hakutaka aonekane amechagua upande, kwa hiyo alichukua sahani yake akakaa ukumbini, katikati ya nyumba, akala peke yake. Ukumbi ule haukuwa na dirisha. Alisikia kijiko cha baba upande mmoja na mama akimbembeleza mtoto upande wa pili. Siku moja akagundua jambo: kwa muda mrefu hapakuwa na mtu aliyemwita jina lake. Aliitwa “wewe” tu. Wewe, mwambie baba yako. Wewe, mwambie mama yako.

Jumatatu moja mama alimwita, na sauti yake ilikuwa na hasira.

“Wewe, mwambie baba yako kliniki ya chanjo ni Alhamisi. Na umwambie nitamwandikisha mtoto Naila, apende asipende.”

Safia aliingia ndani. Alipofika katikati ya ukumbi alisimama. Alijua maneno yale yakifika mbele, baba atajibu makali zaidi, na yeye ndiye atakayeyarudisha. Alikuwa amechoka. Alisimama pale gizani mpaka baba akamwona.

“Umetumwa nini?” baba aliuliza. Alikuwa ameshika nazi juu ya kifuo, ile ncha ya mti ya kumenyea makumbi.

“Mama anasema kliniki ni Alhamisi,” Safia alisema. Kisha, bila kupanga, akaongeza, “Na anasema amekubali. Mtoto aitwe Mwanasiti.”

Baba aliiweka nazi chini taratibu. Alijifuta jasho usoni, akatazama pembeni kidogo.

“Mwambie nashukuru,” alisema. “Mwambie nashukuru sana.”

Safia akarudi uani.

“Baba anasemaje?” mama aliuliza.

“Anasema sawa. Aitwe Naila.”

Mikono ya mama ikaacha kusuka. “Amesema mwenyewe?”

“Ndiyo, mama.”

Jioni ile baba aliingia uani na mtungo wa samaki. Akaketi mkekani, akamchukua mtoto, akamuuliza, “Mama yangu hujambo?” Mama akatabasamu. Alidhani ni maneno ya mapenzi tu, kumbe baba alikuwa akimwita mtoto kama mtu anavyomwita mwenye jina la mamake. Walikula pamoja, wote watatu, kwa mara ya kwanza tangu akika iahirishwe. Baba alisema Ijumaa atachinja mbuzi wa akika. Mama alisema atapika pilau. Hakuna aliyelitaja jina. Kila mmoja aliona mwenzake amekwisha kujishusha, si vizuri kumkumbusha.

Safia hakuweza kula. Wakati mmoja mama alipoanza, “Lakini baba Safia, kuhusu lile jina…” Safia alisimama ghafla, akamwaga maji ya kunawa mkekani, na mazungumzo yakakatika. Siku ya pili alifanya hivyo tena, akisingizia kwamba ameumwa na siafu. Wazazi wake walicheka. Yeye alikwenda nyuma ya jiko, akakaa chini, akakumbatia magoti yake.

Zamani alikuwa peke yake na ugomvi wao. Sasa alikuwa peke yake na uongo wake, na huu ulikuwa mzito zaidi, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kwamba upo. Angemweleza Aziza, lakini Aziza alikuwa Bweni. Alimweleza mdogo wake, aliyekuwa akimtazama kwa macho makubwa bila kuelewa.

Alhamisi walikwenda zahanati wote. Mama alikuwa amemaliza arobaini yake, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka na mtoto. Ndani mabenchi yalikuwa yamejaa akina mama, kwa hiyo baba alibaki nje akizungumza na watu. Safia aliingia na mama kumshikia mkoba.

“Shikamoo, nesi,” alisema.

“Marahaba. Hujambo, Safia?” alijibu Nesi Matilda. Alikuwa mtu wa bara, amefanya kazi Kanga miaka minne, na alijua majina ya watoto wengi wa kijiji. Safia alishtuka kidogo kusikia jina lake.

Nesi alimpima mtoto uzito, akamchoma sindano, mtoto akalia, mama akamnyonyesha. Kisha nesi akafungua kadi ya kliniki. Mahali pa jina palikuwa pameandikwa kwa penseli: Mtoto wa Warda.

“Haya, mama Safia,” nesi alisema, akiufuta mwandiko ule. “Leo tumepata jina?”

“Tumepata,” mama alisema kwa furaha. “Naila.”

Nesi Matilda alichukua kalamu ya wino.

Safia aliitazama ile kalamu. Kama akinyamaza, litaandikwa Naila. Na kesho, mbele ya majirani wote, baba atamtajia ustadhi atakayesoma dua jina la Mwanasiti. Mama atageuka kumtazama baba, baba atageuka kumtazama mama.

“Nesi, tafadhali usiandike,” alisema.

Akina mama waliokuwa karibu waligeuka. Mama akamkunjia uso. “Una nini wewe?”

“Baba hakukubali, mama. Mimi nilidanganya.” Machozi yalianza kumtoka. “Na yeye nilimwambia wewe umekubali Mwanasiti.”

Mama alimfunika mtoto vizuri, kama mtu aliyehisi baridi. Nesi Matilda aliweka kalamu mezani.

“Wino haufutiki,” alisema kwa upole. “Afadhali amesema kabla sijaandika. Kadi itasubiri mpaka kesho asubuhi, mama Safia. Nendeni mkazungumze.”

Nje, mama alimweleza baba kwa maneno machache. Baba alimtazama Safia, kisha akaanza kutembea. Njia nzima alikuwa mbele, mama nyuma yake, na Safia nyuma kabisa. Hakuna aliyemkaripia. Angefurahi kama wangemkaripia, kuliko kuitazama migongo yao mpaka nyumbani.

“Kakae jikoni,” baba alimwambia walipofika.

Jiko lao lilikuwa banda la makuti uani. Safia alikaa karibu na mafiga yaliyopoa, akasubiri. Alidhani atasikia ugomvi. Badala yake akasikia sauti ya baba, imetulia.

“Mama Safia, kwa nini hulitaki jina la mama yangu? Usinijibu habari ya meno.”

“Miaka kumi na mitatu niliishi na mama yako, Mungu amrehemu,” mama alisema. “ Alipougua nilimwogesha, nikamlisha kwa mkono wangu. Hakuniita Warda hata siku moja. Alikuwa akisema, ‘Wee mke wa Abubakari.’ Mimi simchukii. Lakini nikitaka kumwita mwanangu kwa jina lake, koo linanikauka.”

“Nilikuwa nikisikia,” baba alisema. “Nilinyamaza kwa sababu ni mama yangu. Nilikosea.”

“Ungeniambia hivyo zamani, ningepoa.”

“Na mimi sikumzika,” baba aliendelea. Sauti yake ilikuwa chini sana, Safia akalazimika kusogea ukutani. “Nilikuwa Dar es Salaam kuuza nazi. Nilifika kaburi limekwisha kufukiwa. Nikaona mtoto akipata jina lake, nitakuwa nimemfanyia jambo.”

“Hilo hukuniambia.”

“Wala wewe lako hukuniambia. Tumekaa wiki tano tunamtuma mtoto unga na chumvi, na maneno yenyewe yako tumboni.”

Kisha baba akasema, “Mama yangu nitamsomea khitma. Naliacha jina lake. Si kwa kushindwa, naliacha mwenyewe.”

“Basi na mimi naiacha Naila,” mama alisema. “Niliipenda kwa sababu ni fupi. Nataka jina nikiita kutoka jikoni, mtoto asikie.”

“Mimi nataka jina ambalo mzee yeyote akilisikia anajua maana yake.”

Safia akasikia nyayo. Mama aliingia jikoni, akasimama kando yake bila kumtazama, akaita kwa sauti, “Rehema.”

“Rehema wako wanne mtaa huu,” baba alijibu kutoka uani. “Akiitwa mmoja wataitika wote. Jaribu Subira.”

“Subira sitaki. Nimesubiri vya kutosha.”

Baba akacheka kidogo. Mama alifikiri, mkono umeshika nguzo ya banda.

“Faraja,” aliita.

“Ita tena,” baba alisema.

“Faraja.”

“Si langu wala si lako,” baba alisema. “Nalipenda.”

Mama akageuka, akainama kidogo ili amtazame usoni yule aliyekaa penye mafiga. “Unaonaje, Safia?”

Safia alifuta macho. “Ni zuri, mama.”

Baba alimwita mkekani akamketisha mbele yake. Safia aliinamisha kichwa.

“Umesema uongo mara mbili kwa siku moja,” baba alisema. “Ulitupa siku tatu za kucheka, lakini kicheko kile hakikuwa na mizizi. Kesho kingeng’oka mbele ya kijiji kizima, na sisi tungegombana vibaya kuliko mwanzo. Unaelewa?”

“Naelewa, baba. Nisameheni.”

“Tumekusamehe, kwa sababu ulisema kweli wakati ilipokuwa vigumu kuisema. Na sisi utusamehe. Mtoto hatumwi maneno ya ugomvi wa wakubwa. Nikiwa na neno na mama yako, nina miguu, nitakwenda mwenyewe.”

Asubuhi ya Ijumaa walirudi zahanati mapema. Nesi Matilda aliandika kwa wino: Faraja Abubakari. Akasoma kwa sauti, akasema jina limemkaa. Baada ya swala mbuzi alichinjwa, ustadhi akasoma dua, na wazee walipoulizwa wanalionaje jina, hakuna aliyeuliza maana yake.

Wageni walipoondoka, mama alimwita Safia amsuke nywele. Safia alikaa kati ya magoti yake. Ua ulikuwa umetulia, na baba alikuwa akirudisha masufuria ya majirani.

“Mama,” Safia alisema, “nilidanganya kwa sababu nilikuwa mpweke. Nilitaka tukae pamoja.”

Vidole vya mama vikasimama kichwani mwake.

“Hilo nalo lilikuwa kweli, mwanangu,” mama alisema, “na hilo ndilo ungelisema kwanza. Watu hudhani kusema kweli ni kukiri makosa tu. Hata jambo linalokuumiza ni kweli, na lina haki ya kusemwa. Sisi wenyewe tulificha yetu, ona yalivyotuchelewesha. Siku nyingine ukiona huwezi kuubeba moyo wako peke yako, njoo useme hivyo hivyo ulivyosema sasa. Usitafute uongo uje kukubebea.”

Safia aliitikia kwa kichwa, akavutwa nywele, akaambiwa atulie. Mama akaendelea kusuka, taratibu, bila haraka.