Nusu Mita Iliyopotea

Likizo ilipofika, Chiriku alifuatana na mama yake kazini kila asubuhi. Mama alibeba ndoo ya rangi, na binti akabeba kamba, chaki na brashi. Mama huyo alikuwa fundi wa kuchora mistari ya maegesho ya magari. Binti alipewa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Aliongea akitembea, akaongea akila, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini alikuwa na lake la kusema.

Siku hiyo walikuwa na kazi kwenye maegesho ya zahanati. Karibu na mteremko wa kupandia barazani, walitakiwa kuchora nafasi ya gari la mtu mwenye ulemavu. Kando ya nafasi hiyo ungekuwepo ukanda wa mistari ya mshazari, ambao hakuna gari linaloruhusiwa kusimama juu yake.

"Huo ukanda si pambo," mama alisema. "Ni njia ya kiti cha magurudumu. Upana wake mita moja na nusu, usipungue. Wewe weka alama za chaki, mimi naanzia kule mwisho. Na tepu yetu unaijua mwenyewe."

"Naijua, Mama. Kibogoyo!"

Walicheka wote wawili. Tepu yao ya kupimia ilikuwa imekatika mwanzoni, ikabaki inaanzia kwenye nusu mita. Kila walipopima, ilibidi waongeze nusu mita juu ya kipimo walichotaka. Fundi mwingine angeitupa, lakini mama aliizoea kama watu wanavyozoea mlango unaofunguka kwa kusukumwa na bega.

Chiriku akaanza kupima. Mlinzi wa zahanati alikuwa amekaa karibu, naye Chiriku akampa hadithi ya mwalimu wao aliyefukuzwa na nyuki. Alipofika pale mwalimu anaporukia dirishani, alisoma mita moja na nusu kwenye tepu, akaweka alama zake na kuendelea na nyuki wake. Baadaye mama alikuja na brashi, akafuata alama zile bila kuzikagua.

Rangi ilikuwa bado mbichi Chiriku alipokunja tepu na kuiona ile namba ya mwanzo. Hakuongeza! Ukanda ulikuwa na mita moja tu.

Alimtazama mama yake. Mama alikuwa amejishika kiuno, akitabasamu. "Msimamizi wa kazi hii amefurahi. Amesema tukimaliza salama, na maegesho ya hospitali kubwa tutapewa sisi."

Chiriku alifungua mdomo, akaufunga. Je, akisema halafu kazi ile ikapotea? Alijiambia kwamba nusu mita si kitu, nani ataiona? Lakini kila gari lililopita barabarani lilimshtua.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," mama alimtania. "Leo kulikoni, Chiriku wangu?"

"Ni jua kali tu, Mama."

Rangi ilikauka, mlinzi akaondoa koni zilizozuia magari, magari yakaanza kuingia. Pikapu kubwa ilisimama upande mmoja wa ukanda. Haikukanyaga mstari hata kidogo. Kisha ikaja teksi na kusimama upande wa pili wa ukanda, kwenye ile nafasi ya mtu mwenye ulemavu. Chiriku alimtambua abiria wake, akatamani ardhi ipasuke. Alikuwa fundi cherehani wa mtaani kwao aliyemwita shangazi, ambaye miguu yake haikuwa na nguvu tangu utotoni. Sare ya shule ya Chiriku ilishonwa na mikono yake.

Dereva wa teksi alimsaidia kukaa kwenye kiti chake cha magurudumu, akafunga mlango wa gari, akatangulia ndani kumchukulia namba ya foleni. Shangazi akajisukuma kuelekea kwenye mteremko. Hakufika. Vioo vya magari yote mawili vilikuwa vimetokeza, na kati yake kiti hakikupita. Akajaribu tena, akaguna, kisha akaanza kurudi kinyumenyume ili azungukie nyuma ya pikapu.

Hapo ndipo mwenye pikapu alipotoka zahanati, simu sikioni, akaingia garini kwa upande wa pili na kuwasha injini.

Shangazi alikuwa tayari nyuma ya pikapu. Akiwa amekaa vile, hata kitambaa chake cha kichwa hakikufikia dirisha la nyuma. Taa nyeupe za kurudi nyuma zikawaka.

Chiriku alitaka kupiga kelele, sauti ikamkauka. Miguu ndiyo iliyomsikia. Alikimbia, akapiga ubavu wa pikapu kwa viganja vyote viwili, na sauti ikamtoka mwishowe: "Simama! Kuna mtu! Simama!"

Pikapu ikashtuka na kusimama. Bampa lilikuwa limefika kwenye goti la shangazi, limegusa kanga yake. Shangazi alishika magurudumu kwa nguvu. Dereva alishuka akiwa amepauka.

Mama alifika mbio. "Kwa nini umepita huku nyuma ya magari, wifi yangu? Njia si ipo?"

"Njia gani? Sikuenea!"

Mama aliutazama ukanda, akautazama tena. Kabla hajasema kitu, Chiriku alikuwa ameshaanza kulia.

"Ni mimi, Mama. Sikuongeza ile nusu mita. Nilijua tangu rangi mbichi. Niliogopa tutanyang'anywa kazi."

Alisubiri kofi. Mama alichuchumaa mpaka nyuso zao zikalingana.

"Rangi mbichi ningeifuta kwa kitambaa," mama alisema polepole. "Hata hii iliyokauka nitaipaka nyeusi na kuchora upya. Na mimi nina kosa, sikukagua. Lakini shangazi yako angegongwa, tungempaka rangi gani?"

Chiriku alifuta machozi, akaenda kuiokota tepu.

Mama alimweleza msimamizi kila kitu, binti akiwa pembeni yake. Msimamizi alikasirika, akataka ukanda urekebishwe siku ileile. Kuhusu hospitali kubwa hakusema ndiyo wala hapana. Walipaka nyeusi, wakapima pamoja, wakachora upya.

Shangazi alipotoka kwa daktari, alisogea taratibu hadi kwa Chiriku na kumshika mkono, ambao ulikuwa bado wa baridi.

"Umeniokoa, na asante," alisema. "Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Kukosea kila fundi hukosea, hata mimi nafumua mishono kila siku. Ila ukikosea, sema papo hapo, hata kama unaogopa. Leo uliogopa kusema, na woga wako ukanifuata mimi nyuma ya gari."

"Nimesikia, Shangazi."

"Haya, sogea nipite."

Chiriku alisogea. Shangazi akapita katikati ya ukanda, bila kugusa kitu kulia wala kushoto.