Nakala Iliyokwepa Tanuri

Kabati la chuma lilikuwa wazi, tupu kama kinywa cha kibogoyo. Riwaya iliyofungiwa humo ilikuwa nakala ya mwisho. Nyingine zote Kamati ya Udhibiti ilishazitia tanurini, na hii ilingoja kuchomwa leo mbele ya kamera.

Inspekta wa upelelezi aliinama, akakagua kufuli. Halikuwa na mkwaruzo.

"Limefunguliwa kwa ufunguo, Afande," alisema mtaalamu wa alama za vidole.

Wenye funguo walikuwa wajumbe watatu wa kamati: mwenyekiti, wakili na mwalimu mkuu mstaafu.

Mwenyekiti alikuwa amefura.

"Kitabu kile ni sumu. Mtafute mwizi kabla hakijasambaa."

"Kinasema nini?"

"Mwana anamchoma baba yake ndani ya nyumba. Uchochezi mtupu. Binti aliyekiandika yuko rumande, kesho anasomewa hukumu."

"Anamchoma kwa sababu gani?"

"Sababu ya nini? Wewe tafuta mwizi, bibie."

"Afande," Inspekta alimsahihisha, akatoka.

Wakili alimpokea huku akitazama simu yake.

"Riwaya ile inaishaje?"

"Mwana anamchoma baba yake ndani ya nyumba. Uchochezi mtupu."

Neno kwa neno. Kasuku wawili, tundu moja.

"Umeisoma?"

"Nimesoma muhtasari wa mwenyekiti. Vitabu ni vingi, Afande. Nani ana muda?"

"Kuna mtu yuko ndani kwa sababu ya kitabu hicho."

"Si nimekwambia nimesoma muhtasari?"

Inspekta aligeuka, akatoka. Yeye hamfungi hata mwizi wa kuku bila kuliona banda. Hawa walikuwa wamemfunga mtu, na kitabu chake hawajakifunua.

Mwalimu mkuu mstaafu, Inspekta alimkuta sebuleni kwake, akikunja nguo za wajukuu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa, chai imepoa."

"Riwaya ile inaishaje?"

Mikono ya mama yule ikatulia juu ya sketi ya shule.

"Mwana anaingia motoni. Anamtoa baba yake kwa kumbeba mgongoni, baba aliyemkana tangu utotoni. Wakifika nje, ndipo mzee anamwita 'mwanangu'."

"Wenzako wanasema anamchoma."

"Wenzangu wameona jalada. Nyumba inawaka, kijana amesimama mlangoni. Mwenyekiti akatunga mwisho wake kutokana na picha, sisi tukatia saini. Mimi pia. Nilikuja kukisoma baadaye, nikashindwa kujitazama kwenye kioo."

"Kwa hiyo ulikiiba."

"Nilikiiba. Andika hivyo hivyo, usinipambie."

Kitabu kilikuwa mezani kando ya birika, ndani ya mfuko safi wa nailoni. Wala hakikufunikwa.

"Mbona hukukificha?"

"Nikikificha, nimekichoma polepole. Yule binti anahukumiwa kwa muhtasari, na hakimu hajawahi kukishika. Nilimwomba mwenyekiti akipeleke, akacheka. Sasa niambie wewe uliyesomea kazi hii. Mali ya wizi ikikamatwa, inapelekwa wapi?"

Inspekta alikiinua kitabu kutoka mezani.

"Mahakamani. Inakuwa kielelezo."

"Na kielelezo huchomwa?"

"Hakiguswi mpaka kesi iishe."

"Wakili wa binti akitaka kisomwe?"

"Hakuna wa kumnyima."

Mwalimu aliweka sketi pembeni, akanyoosha mikono yote miwili.

"Basi nikamate, mwanangu. Na usikawie, hukumu yake ni kesho."

"Utafungwa, Mwalimu."

"Nimefundisha watoto kusoma maisha yangu yote. Nifungwe kwa hilo, sawa. Afadhali hivyo kuliko kuwa huru kwa saini ile."

Simu ya Inspekta ikalia. Alikuwa mwenyekiti.

"Umekipata? Kilete upesi, tanuri limeshawaka na waandishi wa habari wamefika."

"Kimepatikana, Mheshimiwa. Nakipeleka kwa hakimu."

"Kwa hakimu kufanya nini?"

"Kukisoma," alisema Inspekta, akikibana kitabu kwapani. "Nawe njoo kesho. Utaulizwa kinaishaje."