Basi la Baba na Nyumba ya Wadini

Kila asubuhi kabla ya skuli, Aliya alifuta vioo vya basi dogo la baba yake kwa gazeti kuukuu. Bibi Bakhita, mama yake Baba, aliwaletea chai ya maziwa mlangoni, wakainywa wamesimama. Kisha Baba, Bwana Suud, aliwasha basi wakaanza kuzunguka mitaa ya Azaiba, mjini Maskati, kuwachukua wanafunzi. Tangu kampuni ilipompunguza kazini, basi hilo ndilo lililowalisha.

Alhamisi moja Baba aliendesha huku akiimba.

"Leo safari ya mwisho, mwanangu. Saa tisa alasiri anakuja mtu kulinunua basi. Nikilipa salio kabla ya magharibi, tuna nyumba Amerika!"

Aliya hakuimba naye.

Wiki iliyopita Baba aliona katika simu yake mnada wa mtandaoni. Huko ng'ambo, mtu asipoilipa serikali kodi ya nyumba yake, deni huandikiwa cheti, na cheti hicho huuzwa mnadani. Baba alidhani cheti ndiyo nyumba. Tangu utotoni alimwona Bibi akiitunza, ndani ya kopo la biskuti, hati ya nyumba ya wazee wake Unguja, na kila sikukuu akiifungua na kuipangusa. Kwa Baba, mwenye karatasi alikuwa mwenye nyumba.

Masharti yalikuwa kurasa kumi na moja za Kiingereza. Akapewa Aliya ayasome, maana alikuwa na miaka kumi na miwili na nyumba nzima ilimwita mtarjumani. Ukurasa wa kwanza aliuelewa nusu. Wa pili hakuuelewa hata kidogo. Aliona haya kusema, akabonyeza penye maneno "Nimesoma, nimekubali."

"Umeyasoma yote?" Baba aliuliza.

"Yote, Baba."

Baba akalipa arubuni, riali mia mbili.

Alhamisi hiyo, katika chumba cha kompyuta cha skuli, Aliya aliandika kwenye ramani ya mtandaoni namba ya kiwanja iliyokuwa katika yale masharti. Ikatokea picha iliyopigwa kutoka juu. Aliona paa za nyumba za watu, na nyuma yake mfereji mpana wa mchanga na mawe. Alama nyekundu ilikuwa katikati ya mfereji.

Rafiki yake Raghad alichungulia begani. "Unatafuta nini, mtarjumani?"

"Nyumba yetu mpya."

"Hapo? Hiyo si wadi? Nani atakaa humo, samaki?" Raghad alicheka mpaka mwalimu akamkemea.

Aliya hakucheka. Kila mtoto wa Maskati ameona mvua ikijaza wadi, ile mito mikavu ya huko, na magari yakichukuliwa kama maganda ya ndizi.

Skuli ilipofungwa alikimbia mpaka nyumbani. Mnunuzi alikuwa amefika mapema, anapiga magurudumu kwa kiatu. Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Baba.

"Baba, usimpe!"

"Nini wewe? Huoni nna mgeni?"

"Sikuyasoma, Baba! Nilikudanganya. Sikuyafahamu maneno nikaona haya. Na nyumba haipo. Ni wadi!"

Uso wa Baba ukabadilika rangi. "Unasema nini, Aliya? Salio mwisho leo! Nisipolipa, mia mbili zangu zinapotea!"

Bibi alitoka jikoni na simu mkononi. "Mpigie dada yako kwanza, Suud. Basi halina miguu, halitakimbia."

Shangazi Rahila alifanya kazi katika ofisi ya wakili. Baba alimpelekea masharti, wakasubiri. Mnunuzi alitazama saa mara tatu. Baba alikaa kwenye kidato cha basi, kichwa mikononi. Aliya hakuwahi kumwona hivyo.

Simu ikalia, Baba akaifungulia spika. "Kaka, hukununua nyumba, umenunua deni," alisema Shangazi. "Mwenye kiwanja akilipa, utarudishiwa pesa yako na riba juu."

"Riba!" Bibi alishtuka. "Astaghfirullah!"

"Asipolipa, uende mahakamani kwao, kwa gharama yako, na kodi za kila mwaka ulipe wewe. Yote hayo kwa mfereji! Nani atakimbilia kuukomboa? Arubuni hairudi, imeandikwa ukurasa wa tano. Iache iende."

Baba aliinuka. Kisha akautia ufunguo mfukoni, akamwomba radhi mnunuzi. Yule mtu akaondoka ananung'unika.

"Nipige, Baba," alisema Aliya akilia.

"Nikupige wewe, na mimi nani atanipiga? Nilimtwika mtoto mzigo wa mtu mzima."

Jumapili, vioo vilipokwisha kufutwa, Baba alimpa Aliya karatasi ya bima ya basi. Alisoma mstari mmoja, akasita.

"Neno hili silijui, Baba."

Baba alizima basi. "Basi tutamuuliza shangazi yako kabla sijatia saini."

Bibi alikuwa mlangoni na vikombe vya chai. "Miaka yote hii nnayo karatasi ya nyumba ya Unguja," alisema, "na sijalala humo hata usiku mmoja. Karatasi usiyoijua isikuuzie basi lako, Suud. Na wewe mtarjumani, neno 'sijui' lingetoka wiki iliyopita, lisingetugharimu hata baisa. Haya, nendeni, watoto wa watu wanangoja."