Faili ya Mbuzi wa Chechelesi

Kila siku baada ya masomo, Istahil alikuwa akipitia nyumbani kwao Chechelesi, anawafunga wana-mbuzi wasinyonye kabla mama yake hajakama maziwa, anakunywa chai ya maziwa, kisha anarudi shuleni mbio kwenye klabu ya kompyuta. Alikuwa Gredi ya Nane, na alikuwa hodari kweli. Shida ni kwamba yeye mwenyewe alilijua hilo, na hakupenda watu wakisahau.

Muhula huo aliunda programu ya kuandikisha mifugo. Ndani yake, kila mbuzi alikuwa kitu kinachojitegemea chenye sifa zake: rangi, alama ya sikio, mwenye mbuzi, na kama amechanjwa. Vitu hivyo hukaa katika kumbukumbu ya kompyuta wakati programu inapoendelea tu. Ukiifunga, vimekwenda. Kwa hiyo Mwalimu Everline, mlezi wa klabu, alimfundisha kuviandika kwenye faili, sifa baada ya sifa, kisha kuvisoma kesho yake na kuvijenga upya.

"Ni kama akina mama wanaohama na mifugo," mwalimu alieleza. "Wanabomoa nyumba fito kwa fito, wanaipakia kwa ngamia, wakifika wanaisimamisha vilevile. Lakini anayeijenga lazima ajue umbo lake."

Jumamosi moja, Daktari Arero wa mifugo alikuja Chechelesi kuwachanja mbuzi dhidi ya homa ya mapafu. Alimwomba Istahil awaandikishe wote waliodungwa sindano, kwa kuwa waliobaki wangechanjwa Jumatano. Kwetu Isiolo mtu haulizwi ana mbuzi wangapi. Ni kukosa adabu, na wengine huamini kuhesabu mifugo kunaleta hasara. Daktari hakuwa na hesabu nyingine ya kulinganisha, hivyo faili ya Istahil ndiyo iliyokuwa shahidi wake wa pekee.

Jumapili, Istahil aliona programu yake haijapendeza vya kutosha. Akaongeza sifa mpya, umri, kwenye muundo wa mbuzi. Alipoiendesha tena, programu iliikataa faili ya jana. Maandishi mekundu yalijaa kwenye kioo. Alijaribu mara tatu na hakupata mbuzi hata mmoja.

Amwambie nani? Yeye, aliyesifiwa gwaride zima likisikia? Akafungua faili nyingine na kuanza kuandika alivyokumbuka. Mbuzi wa Mzee Ekitela aliwakumbuka vizuri, wa majirani wengine nusunusu. Alipokwama, alijaza tu. Mbuzi wa jirani yao, Nyanya Nakaale, aliwaandika wote kuwa wamechanjwa, kwa sababu alikumbuka kumwona Nyanya kwenye uwanja wa chanjo Jumamosi.

Jumatano, Nyanya Nakaale aliwaleta mbuzi wake. Daktari Arero alitazama kipakatalishi cha shule.

"Nyanya, hawa walidungwa Jumamosi."

"Hapana, daktari. Jumamosi nilikuja kuuliza tu. Mbuzi zangu zilikuwa malishoni, huko mtoni."

"Lakini kompyuta inasema wamedungwa. Dawa yenyewe ni kidogo."

"Basi kama kompyuta imesema, mimi ni nani?" Akaanza kuwageuza mbuzi wake kwa fimbo.

Istahil aliwatazama wakiondoka, mmoja mwenye mimba akijikokota nyuma. Ugonjwa ukiingia, hao ndio wangekufa. Aliona aibu iliyomchoma kifua.

"Nyanya, ngoja!" aliita. "Daktari, kompyuta haina makosa. Ni mimi nilidanganya. Faili ya Jumamosi ilikataa kufunguka, nikaogopa, nikaandika ingine kutoka kichwani."

Daktari Arero alifunga sanduku lake la barafu. "Kwa hivyo sijui nani amedungwa na nani bado," alisema, na uso wake haukuwa na mzaha. "Na siwezi kurudia wote." Akampigia Mwalimu Everline simu.

Mwalimu alipofika hakufoka. "Faili ya kwanza uliifuta?"

"La, mwalimu. Niliogopa hata kuigusa."

"Basi woga wako umetusaidia mara moja. Kabla haijakataa, ulibadilisha nini?"

"Niliongeza umri."

Mwalimu aliiondoa sifa ya umri, akaurudisha muundo ulivyokuwa Jumamosi, akaiendesha programu. Mbuzi wakatokea kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine: mweupe aliyekatwa ncha ya sikio, wa Mzee Ekitela, wekundu wawili wa Mama Fosia, na wengine wote. Wa Nyanya Nakaale hawakuwemo.

"Faili haikuwa na ubaya wowote," mwalimu alisema. "Iliandikwa kwa muundo wa zamani, ukataka kuisoma kwa muundo mpya. Ungewasoma kwanza hivi, halafu ungewahamishia kwenye muundo mpya. Ni kazi ya dakika kumi."

"Dakika kumi?" Istahil aliuliza, na machozi yakamtoka. Siku tatu nzima hakuwa amekula akashiba.

Walilinganisha faili hizo mbili. Ile ya kubuni ilikuwa imekosea mbuzi wa nyumba nne. Daktari aliwaita wenye mbuzi hao, na jioni hiyo wote waliokuwa wamebaki wakachanjwa, wa Nyanya Nakaale wakiwa wa kwanza.

"Kosa la Jumapili hata mimi nimewahi kulifanya," Mwalimu Everline alimwambia Istahil. "Kosa la kuficha ndilo lililotaka kuua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe ulificha, na kifo kingeingia kwa boma la mtu mwingine. Usipojua, sema hujui."

Istahil alimwendea Nyanya Nakaale, akainamisha kichwa na kuomba msamaha.

Nakaale alimshika bega. "Mimi sisomi, mjukuu wangu. Nikiambiwa imeandikwa, naamini tu. Sasa wewe unayeandika, ukumbuke kuna mtu kama mimi."