Chatu wa Al Thumama na Ukweli Ulionong'onwa

Ndugu zangu mnaokula mkate wa Doha, tulieni mnisikilize. Wengine wenu mmo humu ndani na mtajiona. Mkijiona msinipigie simu. Visingizio nimesikia vya kutosha.

Ijumaa ile ilianza vizuri. Zamu hakuna, mabasi ya kampuni yamelala, na ngazi zote za jengo letu pale Al Thumama zinanukia iliki, maana Nasimiyu, binti wa Bungoma, alikuwa anakaanga mandazi na mlango ameuacha wazi ili anayepita achukue. Mumewe, Joram, alikaa kwenye busati, mtoto wa Latifa amelala juu ya mkono wake. Mkono wenyewe mnene kama mto wa kitanda. Latifa ni mwenzetu wa Tanga, mke wa Athumani dereva. Kila Ijumaa alimwachia Joram mtoto huyo ili apate kufua, kwa sababu kwa watu wengine mtoto alikuwa hakubali kulala.

Joram huyu ndiye mliyemjua kwa jina la Chatu. Alipigana mieleka ya maonyesho miaka na miaka hapa mjini, mpaka magoti yakakataa. Wiki ile hoteli moja ya West Bay ilikuwa imemwita akawe mkuu wa walinzi. Kibali chake cha zamani kilikuwa ukingoni, na hoteli ndiyo ingekuwa kafili wake mpya, mdhamini wa kukaa kwake hapa. Yaani kazi hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yake, mkewe, na ruhusa yake ya kuendelea kukanyaga ardhi hii. Suti alishapimiwa. Nasimiyu alishaipiga pasi, ingawa ilitoka dukani imenyooka.

Basi simu ya Athumani ikalia. Ikafuata ya Latifa. Ikafuata yangu. Ukisikia simu za jengo zima zinalia pamoja, jua kuna mtu amekufa au kuna mtu anachinjwa angali hai.

Ilikuwa video. Chatu, mtu wetu huyuhuyu, amevaa nguo za ulingoni, macho kayatoa, ananguruma kwenye maiki: "Harun! Nitakuvunja shingo, mama yako akutambue kwa viatu!" Kisha Harun anaonekana akibwagwa chini. Kisha machela. Chini yake wameandika: Huyu ndiye mnayeishi naye.

Latifa akaitazama simu, akamtazama Joram, akaitazama simu tena. Akainama, akamchukua mwanawe.

"Shemeji, bado amelala," Joram akasema.

"Atalala ndani."

Mlango wake ukafungwa. Nimekaa jengo lile tangu rangi yake ilipokuwa mpya, na ule mlango sikuwahi kuusikia ukifungwa kwa funguo mchana.

Sasa ngoja niwaeleze, maana wengi wenu mlisambaza bila kuelewa mnachosambaza. Mieleka ile ni mchezo wa mapatano. Kabla ya kupanda ulingoni, wawili wanakubaliana nani ataanguka na vipi. Mmoja anapewa kuwa mzuri, mwingine kuwa mbaya. Maumivu ni ya kweli, ugomvi ni wa uongo. Na wana sheria yao, waiita siri ya ulingo: usimwambie mtazamaji, na mbaya asionekane popote akiwa rafiki wa mzuri. Wasile pamoja, wasipande gari moja.

Mwenye kampuni ya mieleka alikuwa Shaun. Msimtafute mbali. Ni mtoto wa Nairobi, alikuja Doha kupanga vyuma kwenye jimu ya watu, akapata mshirika mwenye leseni, akawa mudir, bosi mzima. Damu yetu! Yeye ndiye aliyemfanya Joram awe mbaya na Harun wa Mombasa awe mzuri. Yale maneno ya kuvunja shingo ni Shaun aliyeyatunga, na akamlazimisha Joram ayarudie mpaka mate yamruke.

Siku Harun alipoumia, Joram alikuwa amekanyaga ulingo kabla watu hawajaingia, akasikia ubao mmoja unacheza chini ya turubai. Akamwambia Shaun. Shaun akajibu, "Yalla, wewe panda, watu wako mlangoni." Harun akaangukia palepale walipopatana, ubao ukazama, shingo ikapinda. Ndiyo hadithi nzima. Joram akaacha kazi wiki ileile, na Shaun hakumsamehe kwa kuacha, maana mbaya mzuri kama yule haokotwi sokoni.

Na sikilizeni hili, kwa sababu ndilo lililommaliza. Muda wote Harun alipokuwa hospitali, Joram alikwenda kumlisha. Uji wa wimbi wa Nasimiyu, kwenye chupa ya chai, kijiko kwa kijiko. Lakini aliingia kwa mlango wa nyuma, kofia imeshuka mpaka puani, akisubiri wageni watoke, ili asionekane na mtu. Siri ya ulingo! Aliuficha wema kama wengine wanavyoficha wizi. Ubaya wake wa kuigiza ulikuwa na video. Wema wake wa kweli haukuwa na shahidi hata mmoja, isipokuwa yule aliyelishwa.

Sasa kwa nini Shaun aliitoa video ile baada ya muda wote huo? Kwa sababu alikuwa anaandaa onyesho kubwa kule Umm Salal, akamtaka Chatu arudi, na Joram akakataa. Basi.

Mnakumbuka mlivyofanya nyinyi? Mimi nakumbuka. Ann, wewe unayeongoza kundi letu la simu, uliandika, "Wamama tuwe macho na watoto wetu." Mama mmoja sitamtaja alirudisha sahani ya mandazi ikiwa imejaa. Hoteli ikapiga simu: "Tusubiri kidogo, Bwana Joram, kuna mambo tunayaangalia."

Nasimiyu akamshika mumewe shati. "Baba, sema! Waambie ni mchezo!"

"Siri si yangu peke yangu. Kuna vijana bado wanaila."

"Na sisi tule nini? Siri?"

Joram akampigia Harun. Harun shingo ilimpona nusu, na alikuwa bado kwa Shaun, akitangaza mapambano. Joram aliweka sauti wazi, nikasikia.

"Bro, unajua mimi niko chini ya nani," Harun akasema. "Nikifungua mdomo, kesho niko kwa ndege."

"Na mimi?"

"Wewe ni Chatu, bro. Wewe ni mgumu."

Huo ndio mshahara wa kuwa mgumu. Kila mtu anakuegemea, na siku unapoanguka hakuna anayetandika hata jamvi.

Haukupita muda Shaun mwenyewe akatua mlangoni. Ananuka udi kama bibi harusi. Akajikaribisha, akachukua andazi.

"Chatu! Buda, umenenepa. Ukipanda, ulingo wangu utavunjika."

"Ulishavunjika," Nasimiyu akajibu kutoka jikoni. "Ndiyo maana Harun aliumia."

Shaun akacheka, lakini andazi hakulimaliza. "Mama Bungoma ana mdomo! Sikia, buda. Njoo Umm Salal Ijumaa. Upige magoti, umwombe Harun msamaha, yeye akuinue. Watu walie. Khalas, jina lako jeupe, video naifuta."

"Nimwombe msamaha wa nini?"

"Wa mchezo! Si unaijua kazi? Watu wanampenda mbaya akitubu."

Alipotoka nilimwambia Joram, "Ndugu yangu, aliyekusukumia shimoni hakuletei ngazi. Anakuletea koleo la kufukia."

Akautazama mkono wake mkubwa. "Harun atanisemea. Nimemlisha uji kwa mkono huu."

Ijumaa tulikwenda. Ukumbi umejaa baada ya magharibi, wetu watupu: walinzi, madereva, madada wa majumbani waliopata ruhusa. Joram akapita katikati akichechemea, na nyinyi mkapiga kelele, "Muuaji! Muuaji!" Kulikuwa na mmoja kafunga skafu ya Harambee Stars kichwani, alimtemea mate begani. Bwana huyo nilimkuta Jumapili iliyofuata anasimamia maombi.

Harun akamkumbatia katikati ya ulingo, akampelekea mdomo sikioni. Wanamieleka hufanya hivyo, ndivyo wanavyoambiana anguko linalofuata. Aliyoyanong'ona Harun, Joram alitusimulia baadaye garini.

"Nisamehe, bro. Hukukosa. Ni ule ubao."

"Yaseme hayo kwenye maiki."

"Siwezi. Piga magoti tumalize."

Joram hakupiga magoti. Alimpokonya Shaun maiki. Sauti yake ya kweli, ya upole, ambayo wengi hamkuwahi kuisikia, ikajaa ukumbi.

"Ndugu zangu, mimi sikumvunja mtu shingo. Hapa tunapatana nani aanguke. Yale maneno niliandikiwa na Shaun. Ubao ulikuwa umelegea, nikamwambia, akasema watu wako mlangoni. Siri hii niliiweka kwa sababu ndiyo sheria yetu. Leo nimechoka nayo."

Naapa, kwa muda wa pumzi moja nilidhani tumepona.

Kisha mtu akacheka. Mwingine akapiga makofi. "Huyo ndiye Chatu!" mmoja akapaza sauti. "Bado ni moto!" Na Shaun, shetani yule, akashika kifua kana kwamba amepigwa risasi na maneno, akayumba huku na huku, akaanguka chali puu! Kengele ikalia, muziki ukafunguliwa. Ukumbi ukasimama kwa vigelegele. Uongo wa Chatu mliuamini kama msahafu, na ukweli wa Joram mkaushangilia kama kichekesho.

Joram akamgeukia Harun. "Waambie." Niliona midomo yake.

Harun alitazama chini, palepale ulipozama ubao siku ile, maana ulingo ulikuwa uleule. Halafu akaushika mkono wa Joram akaunyanyua juu, kama anavyonyanyuliwa mshindi. Mkono uleule wa uji.

Hoteli ikamwajiri mtu mwingine. Walisema hawataki mtu wa vituko mlangoni kwao. Kwa hiyo machoni pa nusu ya mji alikuwa muuaji, machoni pa nusu ya pili alikuwa mchekeshaji, na hakukuwa na sehemu iliyobaki ya kuwa Joram. Kibali kikaisha. Nasimiyu akaigawa sufuria ya mandazi. Suti aliiacha ikining'inia, hakutaka kuikunja.

Uwanja wa ndege tulikuwa wachache. Latifa alikuja na mtoto, akamweka mikononi mwa Joram, akalia. Mtoto akalala palepale. Watoto hawana simu.

Tulipokaribia pa kuagana, Joram aliitwa kwa mluzi kutoka nyuma ya nguzo. Alikuwa Harun. Kofia imeshuka mpaka puani, anaangalia kushoto na kulia. Akamkumbatia Joram na kuanza kulia.

"Bro, Mungu anajua ukweli."

Joram akamvua ile kofia taratibu, akamwekea mkononi.

"Mungu alijua tangu mwanzo," akasema. "Ni watu ndio hawakujua. Na hapa tena umekuja nyuma ya nguzo."

Akaenda zake, na mkewe, bila kugeuka.

MAFUNZO

Ukweli una mahali pake pa kusemewa, nako ni palepale uongo uliposemewa. Mtu akichafuliwa mbele ya ukumbi, usiende kumsafisha sikioni. Msamaha wa nyuma ya nguzo unamfariji anayeuomba, anayeombwa haumsaidii kitu. Harun, najua unanisikia.

Wewe mwenye simu: kabla hujasambaza habari ya mtu, muulize anayekaa naye. Latifa alikuwa na ushahidi umelala mkononi mwa mtu yule kila Ijumaa, akauacha akafuata kioo cha simu.

Na wewe mwema wa kujificha, usinionee haya nikikuambia: acha watu wakuone. Tajiri akikupa sura mbaya uivae kwa ajili ya biashara yake, ivue ukifika nyumbani, ivue hospitali, ivue barabarani, kula na rafiki yako mchana kweupe. Sura usiyoivua ndiyo utakayozikwa nayo, na aliyekuvisha atakuja msibani kuuza tiketi.