Mparachichi wa Sura ya Tisa

"Mama ameisoma." Kwenye simu, Elieth hakusalimia hata.

"Ameisoma ipi?"

"Sura ya tisa, Dastan. Kijana anajinyonga kwenye mparachichi, ndugu zake wanaukata mti na kuchoma mizizi, mama mtu anaambiwa mwanawe ameuawa na homa."

Huko Facebook, alikoweka sura ya hadithi yake kila Ijumaa, wasomaji walikuwa wakiililia sura ya kumi. Dastan aliinuka kitandani, chumbani kwake Kitendaguro.

"Nilibadili majina. Nyumba nikaihamishia Kashozi."

"Mti hukuubadili! Mhaya gani asiyejua kwamba mti aliojinyongea mtu hung'olewa mpaka mizizi? Mama tulimwambia uliangushwa na upepo. Baba amekufa na siri hiyo ya kaka yangu. Nilikuambia wewe peke yako, kwa sababu unanioa."

"Elieth..."

"Anataka uje Muleba. Leo."

Alifika mchana. Mama Kokwijuka alikuwa sebuleni, kikapu cha akamwani pajani. Kwao mgeni hutafuna kwanza punje hizo za kahawa, maneno hufuata. Safari hii kiganja cha mama kilikuwa juu ya kikapu.

"Kaboneka, mama," Dastan alimsalimia kwa Kihaya.

"Kaa."

"Mama, waitu, naomba msa..."

"Msamaha utasubiri. Nina swali moja. Umeandika kwamba yule kijana alimwita mama yake kabla ya kukata roho. Aristides wangu aliniita?"

Elieth alisimama mlangoni. Macho yake yalikuwa yanamsihi: sema ndiyo. Neno moja tu, na kikapu kingefunguliwa, na harusi ingebaki palepale.

"Sijui, mama. Hakuna aliyekuwepo."

"Elieth hakukuambia?"

"Elieth alimkuta ameshakufa. Hilo la kuita nililitunga."

"Kwa nini ulitunge?"

Dastan alitazama sakafu.

"Mama yangu alifia wodini, mimi niko nje, mlango umefungwa. Mpaka leo sijui kama aliniita. Katika kila hadithi yangu, anayekufa humwita mtu."

Mama Kokwijuka alikivuta kikapu karibu.

"Kumbe ule msiba ulikuwa wako," alisema. "Ukamvika mwanangu."

"Nisamehe, mama."

"Tangu niisome nimekuwa nikiisikia sauti yake. Sasa umeichukua tena."

Akainuka na kikapu chake, akaingia chumbani. Punje hata moja haikutoka.

Elieth alimsindikiza kupitia migombani mpaka barabarani.

"Ungesema ndiyo tu."

"Ningemdanganya."

"Mwongo wa kulipwa wewe! Wasomaji wako wote unawadanganya kila Ijumaa, leo ndiyo unaona aibu? Mbele ya mama yangu?"

"Alistahili ukweli."

"Alistahili kuupata kwangu. Siku ninayoichagua mimi."

Basi la Bukoba lilionekana kwa mbali.

"Na harusi?" aliuliza Dastan.

"Nikilala kwako, nikalia usingizini, atakayenisikia ni mume au mwandishi?"

Alitaka kujibu: mume. Lakini sentensi ile ilikuwa imeshamwingia, na alikuwa ameshaona mahali pake, mwisho kabisa wa sura ya kumi.

Elieth alimtazama usoni.

"Umeshaiandika," alisema.

Akavua pete, akaitia mfukoni mwa shati la Dastan, pale kalamu yake inapokaa, akarudi migombani kwa mama yake.