Gari Lililozibwa Pumzi

Kiangazi cha Mongolia, farasi hukamuliwa kila baada ya saa mbili. Kwa hiyo Norjmaa, mama wa miaka sitini na miwili, hakuwa na nafasi ya kukaa. Lakini siku hiyo ya Jumatano mikono ilikamua, macho yakiwa kwenye gari.

Lilikuwa gari jeupe la haibridi, lile linalotumia petroli na umeme. Mwanawe Tulga aliwaachia wazazi wake alipokwenda kufanya kazi mgodini. Jana, likipanda mlima, taa nyekundu iliwaka. Feni ikavuma huko nyuma. Nguvu zikaisha, likajikokota mpaka nyumbani kama mgonjwa.

Na kesho Uyanga, mke wa Tulga, alitakiwa hospitali ya mkoa. Mimba ilikuwa ya miezi minane, na presha ilikuwa juu. Daktari alimwambia, "Ijumaa isikukute nyikani."

"Betri imekufa," alisema Dashzeveg, mume wa Norjmaa. "Si nilisema? Gari la umeme lazima lichomekwe ukutani. Sisi tunakaa hemani, kuta zetu ni za sufu! Tutachomeka wapi, kwenye kondoo?"

"Sasa tufanyeje, mzee?"

"Dereva wa lori la sufu anapita leo mchana. Alichukue gari hili, atupe pikipiki yake badala yake."

"Pikipiki? Na tumbo lile? Kilomita mia na arobaini?"

Dashzeveg alikuna kichwa. Hata yeye hakupenda.

Wakati huo akaja Chimgee, dada wa jirani yao. Chimgee ni dereva wa teksi mjini. Alikuwa likizo kwa kaka yake, na kila asubuhi alipita kunywa maziwa ya farasi. Akasikiliza habari yote, kisha akacheka mpaka maziwa yakamwagika bakulini.

"Baba, mwaka wa kumi na moja huu naendesha gari kama hili. Nakaa ghorofa ya saba. Unadhani nateremsha waya dirishani?"

"Sasa linapata wapi umeme?" aliuliza Norjmaa.

"Hili letu linajitengenezea, mama. Injini ya petroli ikizunguka, inachaji betri. Na ukiteremka mlima, au ukikanyaga breki, magurudumu yanazungusha mota. Umeme unarudi kwenye betri."

"Magurudumu haya haya?"

"Haya haya."

Norjmaa akayatazama magurudumu kana kwamba yamemsalimia.

Chimgee akafungua mlango wa nyuma. Kiti kizima kilikuwa kimevalishwa sufu nene iliyoshindiliwa, imeshonwa kwa nakshi.

"Kazi yangu hiyo," alisema Norjmaa kwa fahari. "Tulga aliniambia betri iko huko nyuma ya kiti. Nikasema, baridi ya huku itaiua. Nikaifunika kama mwanakondoo wa siku moja. Hata kile kitundu cha pembeni nilikiziba, upepo usipenye."

Chimgee akashika kichwa. "Mama wee! Kile kitundu ndiyo pua yake!"

"Pua?"

"Betri ikifanya kazi inapata joto. Feni inavuta hewa kupitia pale, inaipoza. Baridi inaipunguzia nguvu kidogo, lakini haiiui. Joto ndilo adui yake. Wakati wa baridi ilivumilia. Sasa ni kiangazi, inakosa pumzi."

"Kumbe mimi ndiye niliyeinyonga?" aliuliza Norjmaa.

"Hukujua, mama. Wengi hawajui."

Norjmaa akaingia hemani. Alileta mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo, akaikata kazi yake mwenyewe. Chimgee akatoa kichujio cha kile kitundu. Kilikuwa kimejaa manyoya na vumbi. Norjmaa akasogea na kitambaa kilicholowa maji.

"Usiguse!" alipiga kelele Dashzeveg. "Umeme utakurusha! Mimi hata kuliosha sijawahi."

"Ndiyo maana linanuka," alisema Chimgee. "Baba, lioshe kama gari lolote. Ila kitundu hiki usikimwagie maji. Tumia brashi kavu. Na waya za rangi ya chungwa ni za fundi tu. Hata mimi sizigusi."

Wakaacha milango wazi mpaka gari lipoe. Kisha Chimgee akabonyeza kitufe.

Kimya.

"Halijawaka," alisema Dashzeveg.

"Limewaka. Linakusubiri wewe."

Likaondoka bila sauti. Farasi hawakuinua hata vichwa. Chimgee akalipandisha kilima mara mbili, na taa nyekundu haikuwaka.

"Kesho likifika mjini, fundi alipime," alisema. "Lakini tutafika. Nitakuja nanyi."

Dereva wa lori alipofika, Dashzeveg alimpa maziwa, akamtakia safari njema.

Asubuhi ya Alhamisi waliondoka wote wanne, Chimgee akiendesha. Njia nzima gari halikusumbua. Juu ya mlima mkubwa, barabara ilipoanza kuteremka, Chimgee alimwonyesha Norjmaa skrini ndogo ya mbele, yenye picha ya gari. Mishale ilitoka kwenye magurudumu, ikaingia kwenye betri. Vijiti vya chaji vilikuwa vitatu. Vikawa vinne. Mpaka bondeni vilikuwa saba.

Norjmaa aliweka mkono kifuani.

"Mlima huu nimeuteremka tangu nikiwa binti," alinong'ona. "Sikujua kama una kitu cha kutupa."

"Mama," alisema Uyanga kutoka kiti cha nyuma. "Na huku ndani kuna mtu anasikiliza. Anapiga mateke."

Hospitalini, daktari alipima presha, akamlaza Uyanga papo hapo. "Mmefika kwa wakati," alisema. "Kesho ingekuwa hatari."

Alfajiri ya Jumamosi alizaliwa mtoto wa kike. Alilia kwa nguvu. Babu na bibi yake, waliokuwa uani, walimsikia.